Mke, Si Mkalimani

Absalom aliingia sebuleni kwa Mzee Kagwe akamsalimia kila mtu kwa mikono miwili, na alipofika kwa Ngendo akampa vidole tu, macho yakiwa kwenye pazia. Hakumtazama. Na usidhani, mpenzi msomaji, kwamba kutotazamwa ni jambo dogo. Mtu anayesikia akikununia, angalau sauti yako itamfikia atake asitake. Kiziwi akikunyima macho amekunyima na masikio. Hapo sema, lia, imba, ni kazi bure.

Ngendo alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo Absalom aliwahi kulisifu, na alilivaa makusudi. Tangu asubuhi alikuwa amelipiga pasi, akalivua, akalivaa tena. Sasa aliketi karibu na shangazi yake, Tata Wamboi, mikono ameibana katikati ya magoti kama alivyoagizwa. Leo asitafsiri hata neno. Hilo ndilo lilikuwa sharti la Absalom.

Sharti lenyewe lilikuwa na mzizi. Kabla ya mvua za masika, Absalom alikuwa amekuja hapahapa Ngoingwa kujitambulisha, na Ngendo ndiye aliyekuwa mkalimani kati ya mpenzi wake na baba yake. Kazi yake ndiyo hiyo, lugha ya ishara, leo hospitalini Thika, kesho mahakamani. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini mapenzi lini yakasikiliza wahenga? Mazungumzo yalianza vizuri yakaharibika ghafla. Absalom alipiga meza kwa kiganja. Mzee alisimama akiwaka, akasema maneno ambayo Ngendo hakuwa na moyo wa kuyatia mikononi. Basi akamwambia Absalom kwa ishara kwamba baba amechoka, wataonana tena, karibu sana. Alitaka apate muda wa kumtuliza mzee.

Mzee hakutulia, na Absalom hakungoja. Alimleta mama yake kutoka Ruiru, mama wa watu amejifunga kitenge kipya, kikapu mkononi, na Ngendo akiwa kazini siku hiyo hakujua lolote. Mzee Kagwe aliwaacha nje ya lango mpaka jua likawachoka. Jioni Ngendo alipomkimbilia Absalom huko Ruiru, alimkuta amesimama mlangoni pa karakana yake ya kutengeneza viti vya sofa, na ishara zake zilikuwa kali.

"Mikono yako niliiamini kuliko macho yangu," alimwambia. Kisha akageuza uso, na mpaka leo alikuwa hajaurudisha.

Leo alikuwa amekuja kufanya nini, basi? Alikuwa amemtuma mkalimani mwingine, Becky, kwa mzee na ombi moja tu. Kama jibu ni hapana, alitaka aisikie hapana yake ikiwa nzima, kutoka kwa mwenyewe, bila kukatwa mkia wala kichwa. Mzee Kagwe alikubali. Ukweli ni kwamba kumwacha mwanamke mkubwa juani kulikuwa kumemkaa vibaya moyoni, ingawa hangekubali hata ukimtishia kwa rungu.

Becky mwenyewe, mkalimani mwenzake Ngendo, alikuwa msichana mrefu wa Kahawa Sukari asiyejua kuogopa wazee. Hata kabla ya chai alikuwa ameshapanga upya sebule ya watu.

"Mzee, samahani, nitakaa hapa kando yako. Yeye akae pale mbele, atuone sote wawili. Na hii pazia naomba tuifunge kidogo. Jua likiwa nyuma yangu, mikono yangu haionekani."

"Kwani hii ni nyumba yangu ama ni yako?" aliuliza Mzee Kagwe.

"Ni yako, mzee. Ndiyo maana naomba."

Pazia likafungwa. Mama yake Absalom, Mama Kaluki, mwanamke mnene mwenye sura ya upole, aliketi pembeni ya mwanawe, akaweka kikapu miguuni. Alikuwa amekuja tena, na kitenge kilikuwa kilekile.

Mzee Kagwe akaomba, akasema amina, akamwelekea Becky. "Mwambie huyu kijana hivi..."

"Mzee, nisamehe tena. Mwambie wewe mwenyewe. Mtazame yeye uongee. Mimi fanya kama sipo."

"Kama hauko? Na umekaa karibu unikalie mguu?"

"Ndiyo hivyo. Na yeye akiongea, mimi nitasema 'mimi', lakini si mimi Becky. Ni yeye."

Mzee akatikisa kichwa. Absalom akainua mikono. Ilikuwa mikono mipana ya fundi, na Ngendo alikuwa ameikosa kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Becky akavuta pumzi, akatoa sauti nzito kidogo.

"Mzee, mama, habari zenu. Mimi naitwa Absalom. Nampenda Ngendo, na nilikuja mara ya kwanza kuomba nimwoe."

"Haiya!" Tata Wamboi aliachia kikombe kikagonga kisahani. "Kumbe ni huyu msichana anataka kuoa Ngendo? Ngai wangu, dunia imeisha!"

"Tata!" Ngendo alinong'ona. "Anasema kwa niaba yake!"

"Si amesema yeye ndiye Absalom?"

Mikono ya Becky ilikuwa tayari ikimweleza Absalom kila kitu, dunia kuisha pamoja, na tabasamu la haraka likampita usoni. Ngendo aliliona. Lilikuwa tabasamu ambalo zamani lingemtafuta yeye kwanza, wakachekeana macho kwa macho. Leo lilienda kwa mama yake, likazimikia huko.

"Sikuja kubembeleza," Becky aliendelea, na sasa hata Tata alijua ni nani anayesema. "Mzee, mlifunga lango, na mama yangu alisimama hapo nje na kikapu chake. Mimi sikujua kama nilikuwa nimekataliwa. Niliambiwa karibu. Leo naomba tu uniambie kwa nini, nijue, niende nyumbani."

Mzee Kagwe alikohoa. Alikuwa mwalimu wa zamani, na hakuzoea kuulizwa swali bila kwanza kuuliza yeye.

"Sasa sikiza. Wewe ulikuja kwa nyumba yangu, nikakupa kiti. Naongea na wewe, hata hunitazami. Macho yote iko kwa msichana wangu, kama uko sinema. Mimi nikasema sawa, ni kijana. Halafu ukanipigia meza! Meza yangu! Hata marehemu mama yake Ngendo hakuwahi kunipigia meza, na alikuwa mkali." Akainama upande wa dada yake, akashusha sauti. "Na kijana ana mabega mazuri, tena fundi. Shida ni hiyo kiburi."

"Kijana ana mabega mazuri, tena fundi," mikono ya Becky ilisema. "Shida ni hiyo kiburi."

Absalom akatazama mabega yake mwenyewe.

"Wee!" mzee alishtuka. "Umemwambia hiyo? Hiyo ilikuwa ya dada yangu!"

"Mzee, kila kitu inasemwa hapa ndani, naisema. Siwezi kuchagua. Kuna mtu alichagua, ndiyo maana tuko hapa."

Maneno hayo yalimchoma Ngendo mpaka kwenye mfupa, na yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya haki. Becky hakuwa amekusudia ubaya. Alikuwa amesema tu kile ambacho wakalimani wote hufundishwa siku ya kwanza, kwamba maneno si mali yako, ni mzigo wa watu, na mwenye mzigo anataka kuuona ukiwa na kamba zake zote.

"Kwa hivyo hukujua nimekataa?" Mzee Kagwe alimwuliza Absalom, na bila kujijua alikuwa sasa anamtazama yeye.

"Sikujua."

"Na mimi nilisema. Nilisema mbele yako, karibu dari ianguke." Polepole mzee akageuka. "Ngendo. Hiyo siku ulimwambia nini?"

Sebule yote ikamgeukia. Mama Kaluki, Tata, Becky. Wote isipokuwa mmoja. Absalom alikuwa ameona swali mikononi mwa Becky, akajua jibu linakotoka, na hapo hapo akakaza macho ukutani palipotundikwa picha ya kanisa.

Ngendo akasimama. "Baba, sikufanya kazi yangu hiyo siku. Wewe ulisema yako, yeye akasema yake, na yote nikameza mimi. Nilikuwa naogopa. Naomba niifanye sasa."

"Sasa?" mzee alisema. "Miezi yote hii?"

"Afadhali kuchelewa, Baba. Becky, niachie."

Becky akaiweka mikono yake mapajani. Kazi hii ilikuwa na mwenyewe.

Lakini utamwambiaje mtu asiyekutazama? Ngendo alipunga mkono hewani. Absalom alikuwa akisoma picha ya kanisa kama iliyoandikwa injili mpya. Akapunga tena. Mama Kaluki alimgusa mwanawe begani, naye akatikisa bega. Kati yake na mwanamume aliyempenda kulikuwa na meza ya mninga, vikombe vya chai, na baba yake mzazi. Alijua njia moja tu iliyobaki.

Akainua kiganja, akaipiga ile meza kwa nguvu zake zote.

Vikombe vikaruka. Tata Wamboi akapiga yowe. Chai ikamwagika mpaka kwenye Biblia ya mzee, na Mzee Kagwe akabaki mdomo wazi, maana mkono uliompigia meza ulikuwa wa damu yake. Na Absalom, aliyekuwa ameegemeza kiwiko pembeni ya meza hiyo, aliusikia mtikisiko ukimpanda mkononi. Aligeuka. Hakuweza kujizuia, kama vile wewe usivyoweza kujizuia ukiitwa jina.

Macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karakana. Ngendo aliyashika yale macho asiyaachie.

"Umeona, Baba?" alisema kwa sauti, bila kumgeukia mzee. "Hii si hasira. Hivi ndivyo wao wanaitana. Wewe ungeita, 'Hebu skiza.' Yeye hana hiyo. Aligonga meza ili umtazame. Hakukutukana. Alikuwa anakuita."

Mzee Kagwe alitazama chai iliyomwagika, kisha akamtazama Absalom.

"Na macho alikuwa ananipa mimi kwa sababu maneno yako yalikuwa kwa mikono yangu. Angekutazama wewe angesikia nini? Hiyo ningekueleza dakika ya kwanza. Sikukueleza. Nilidhani kazi ni maneno peke yake."

Kisha akainua mikono, akamrudishia Absalom maneno ya baba yake ya siku ile, yote, bila kuyapunguza makali. Hakusema "baba alisema". Alisema "mimi", kama mkalimani anavyopaswa, na uso wake ukawa uso wa mzee, nyusi zimekunjamana, kidevu juu.

Asinipigie meza. Asirudi hapa. Mimi ndiye ninayemwona huyu mtoto akirudi jioni mabega yamekufa, hata sahani hawezi kuinua. Kutwa amesemea watu, wagonjwa, washtakiwa, wajane, na akifika nyumbani hana hata neno lake moja limebaki. Sasa aolewe na mtu ambaye atamsemea usiku na mchana? Dukani amsemee, kanisani amsemee, kwa wakwe amsemee. Atapumzika lini? Mama yake alikufa akiwa amechoka. Huyu sitakubali achoke.

"Anamwambia nini?" Mzee Kagwe aliuliza, maana chumba kilikuwa kimya na bintiye alikuwa analia huku mikono ikienda.

"Maneno yako, mzee," Becky alijibu taratibu. "Ya hiyo siku. Anamwambia ulisema mama yake alikufa akiwa amechoka."

Mzee akakaza taya. Hakutarajia kukutana na maneno hayo tena, na hakutarajia kuyaona yakiwa na sura.

Absalom alisikiliza mpaka mwisho. Ile ngumi aliyokuwa ameikunja gotini tangu aingie ilifunguka kidogo kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa ameyasubiri kwa miezi, usiku akigeuka kitandani kule Kiuu alikopanga chumba, akijiambia mzee yule bila shaka alimwita bubu, alimwita mkosi. Hakuwa amejiandaa kukutana na baba anayemwonea mtoto wake huruma.

Ngendo akafuta mashavu, akamgeukia baba yake. "Na sasa yake, Baba. Alikuwa ameanza kuyasema alipogonga meza. Wewe ulikuwa umesimama unaongea, na mimi nikaishusha mikono, nikanyamaza. Hukuyasikia. Ni haya."

Akayatafuta vile yalivyokuwa. Hayakuwa mbali. Alikuwa amelala nayo na kuamka nayo.

"Mzee, nitazame mimi, usimtazame yeye. Mimi sikuja kutafuta mdomo. Mdomo niko nao. Niko na mikono, niko na simu ya kuandikia, na kukiwa na jambo kubwa natafuta mkalimani. Wateja wangu wa Ruiru tunaelewana, na tusipoelewana, kiti wananunua tu. Nimeona vile Ngendo anarudi kutoka kazini. Ananitembelea na vidole vinamuuma. Simwambii aniongelee. Namwambia akae kwa kiti, namtengenezea chai, tunanyamaza pamoja. Hiyo ndiyo nyumba nataka. Nataka awe mke wangu. Sitaki awe mkalimani wangu."



"Alisema hivyo?" Mzee Kagwe aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Hiyo siku?"

"Hiyo siku. Mara tu baada ya kugonga meza."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. "Yaani mimi nikasema sitaki asumbuke. Na yeye akasema hataki asumbuke."

"Ndiyo."

"Na tukaachana hapo tukiwa maadui."

"Ndiyo, Baba. Kwa sababu yangu."

"Ngai!" alisema Tata Wamboi. "Wanaume wawili wanakubaliana na hawajui! Hiyo nayo sijawahi kuona."

Becky alikuwa akimpa Absalom kila neno, na machozi yalikuwa yamemfikia kidevuni. Akainua kidole. "Mkalimani anaomba kitambaa," alisema kwa sauti yake mwenyewe, na Mama Kaluki akachomoa leso kutoka kifuani akampa.

Mzee Kagwe akavuta kiti chake mbele. Sasa hakumwangalia Becky kabisa. "Kijana. Wewe unasema hutamsumbua. Haya. Na mtoto akilia usiku, na huyu amelala, utajuaje?"

Absalom alijibu bila kufikiri, mikono ikichangamka.

"Mzee, nina majirani pale Kiuu, bwana na bibi, wote viziwi. Wameweka taa, mtoto akilia inawaka. Watoto wao wamenona kuliko wa landilodi. Na yule mdogo amekuwa mjanja, hata halii tena. Anakuja tu anavuta blanketi."

Tata alicheka kwanza. Mama Kaluki akafuata, mwili wote ukitikisika, na mwishowe hata mzee akashindwa. Alicheka akipiga goti. Kisha alinyanyuka, akatembea mpaka mbele ya Mama Kaluki, akasimama wima kama mtoto wa shule.

"Mama Absalom, ile siku ya lango nilikosa. Wewe ni mgeni, tena ni mkubwa. Nilikuacha kwa jua. Naomba unisamehe."

"Yameisha, baba," alisema Mama Kaluki. "Hata mimi ningefunga, kama ningedhani mtoto wangu anaenda kufanywa punda. Yameisha kabisa."

Ngendo alishusha pumzi aliyokuwa ameishika kwa miezi. Lakini alipomtazama Absalom, yeye hakuwa anacheka tena. Alikuwa anamtazama, ndiyo, macho yote mawili, na ndani ya macho hayo kulikuwa na swali. Mikono yake ikainuka polepole.

"Mzee amenijibu, nashukuru," Becky alisema kwa niaba yake. "Lakini siku hiyo hakuniumiza yeye. Ngendo, aliyeniumiza ni wewe. Neno baya la baba yako ningelibeba. Wewe ulinipa tamu ya uongo, nikamvisha mama yangu kitenge, nikamleta kwa lango lililofungwa. Nikikuoa, nitajuaje unaniambia yote?"

Kicheko kikafa. Tata Wamboi, mtu mzima aliyeona mengi, aliinuka haraka akaenda jikoni, akarudi na vikombe, akapokea kibuyu cha uji wa kuchacha kutoka kikapuni mwa Mama Kaluki, maana kwake yeye hakuna mgogoro usioweza kungojea watu wanywe. Akavipanga mezani palipokuwa pameloa.

Mzee Kagwe akakitazama kibuyu. Akamtazama bintiye aliyebaki amesimama peke yake katikati ya sebule. Halafu akamimina kikombe kimoja, akakishika mbele yake.

"Ngendo. Huu uji wa hawa wageni, tuunywe?"

"We Kagwe!" Tata alimaka. "Hiyo swali iko na siku yake! Iko na wazee wake! Hata hatujaita mtu!"

"Nimeuliza mtoto wangu," mzee alisema. "Wazee watakuja siku yao, tutauliza tena. Huyu mama sitamrudisha mara ya pili bila jibu. Ngendo, kijana amekuuliza yake, na mimi nimeuliza yangu. Tunywe, ama tusinywe?"

Ngendo alijua swali lile. Kila msichana wa nyumba za kwao analijua. Siku ya mahari msichana husimama mbele ya wageni akaulizwa kama kinywaji chao kinywewe, na akikubali, hakuna wa kugeuza. Alifungua mdomo ajibu, maneno yakagoma. Alikuwa amesema "mimi" mara elfu maishani mwake. Mimi ni mgonjwa. Mimi sikuiba. Mimi nampenda Ngendo. Zote zilikuwa za watu wengine, na sasa alipotaka moja iliyo yake mwenyewe, hakuipata kooni.

Akamtazama Becky. Becky alielewa kabla hajaombwa. Alivuka sebule, akasimama kando ya Ngendo kidogo, mahali mkalimani anaposimama.

Ngendo akainua mikono yake. Hakumtazama baba yake. Alimtazama Absalom, na yale aliyoyasema aliyasema kwa lugha ya Absalom, na sauti iliyojaa sebuleni ilikuwa ya Becky.

"Mimi Ngendo wa Kagwe niliogopa. Niliogopa baba akukatae, na niliogopa wewe umchukie baba. Nikaona afadhali nidanganye wote. Nimekosa. Ulisema uliamini mikono yangu kuliko macho yako. Sina mingine, ni hii tu. Nikiogopa tena, na nitaogopa, nitakuambia naogopa. Sitakukatia neno, hata likiwa la kuuma, hata likiwa langu."

Ajabu iliyoje, kusikia maneno yako mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwingine! Miaka yote Ngendo hakuwahi kujua jinsi inavyokuwa. Alikuwa ameubeba mzigo wa kila mtu, na leo kwa mara ya kwanza kuna aliyeubeba wake, na hakuupunguza hata chembe. Machozi yalimtiririka naye hakuyafuta, maana mikono ilikuwa bado na kazi.

"Absalom, nakupenda. Nakupenda unaponinunia na unaponitengenezea ile chai yako mbaya. Sitaki kukusemea. Nataka kukaa na wewe. Baba, nataka huyu. Nimesema mimi mwenyewe, na hakuna aliyenituma. Kunyweni."

Absalom alisimama. Alipita meza, akampita Mzee Kagwe na kikombe chake, akafika mbele ya Ngendo, akaishika mikono yake miwili ndani ya mikono yake, akaifumba. Hapo hakuna kati yao aliyeweza kusema lolote, na wala hawakutaka. Becky akasubiri, akaona hakuna cha kutafsiri, akaenda kujimiminia uji.

Mzee Kagwe akakielekeza kikombe kwa Mama Kaluki aonje kwanza, akakipokea, na akanywa mpaka tone la mwisho.